Kuchagua Jina, Kujaza Mengine

Fomu ya oda katika kanzidata huwa na orodha kunjuzi ya wateja. Karani akichagua jina, anwani, mji na namba ya simu hujijaza zenyewe. Nyuma ya jina hilo kuna namba ya utambulisho, yaani ufunguo, nao huipeleka programu hadi kwenye mstari wa mteja huyo katika jedwali la wateja. Kazi hii ndogo ya ofisini imebeba dai zito: kwamba kitu kikishajulikana ni kipi, hakuna haja ya kuuliza mengine yanayokihusu. Kabla ya kuwa la ufundi, hilo ni suala la falsafa.

Mwaka 1686 mwanafalsafa Leibniz aliandika kwamba dhana kamili ya mtu mmoja inabeba ndani yake kila litakalompata. Mungu akiitazama dhana ya Alexander Mkuu, huona humo ushindi wake wote bila kusubiri utokee. Kwa mtazamo huo, kulijua jina sawasawa ni kuyajua yote. Mwanafalsafa Saul Kripke alipinga fikra za namna hiyo katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Princeton Januari 1970: jina humshika mwenyewe, si sifa zake. Aristotle angebaki kuwa Aristotle hata kama hangeshika kabisa kazi ya ualimu.

Mwaka huohuo wa 1970, Edgar F. Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM, alichapisha makala iliyoweka msingi wa kanzidata za mahusiano. Ufunguo katika kanzidata hizo unakubaliana zaidi na Kripke. Namba ya mteja inafaa kwa sababu haielezi chochote. Mteja akihama au akibadili jina, namba inabaki ileile. Lakini fomu inapojijaza huwa inaazima jicho la Leibniz, na mkopo huo una mpaka. Mungu wa Leibniz anaona yote. Jedwali linaona yale tu ambayo mtu aliyaandika siku fulani.

Mpaka huo unaonekana wazi kwenye bei. Codd alifundisha kwamba kila ukweli uandikwe mahali pamoja tu, chini ya kitu unachokitegemea. Hata hivyo Northwind, kanzidata ya mfano iliyokuja na Microsoft Access, inaweka bei ya bidhaa mara mbili: katika jedwali la bidhaa, na tena katika kila mstari wa oda. Karani akichagua bidhaa, bei inanakiliwa kutoka jedwali hilo kwenda kwenye mstari wa oda. Anayeanza kujifunza huona hapo kosa, naye ana haki ya kushangaa. Ila si kosa, kwa kuwa kweli zenyewe ni mbili. Bei ya bidhaa hutegemea bidhaa, nayo ni ya leo. Bei ya mauzo hutegemea tendo la kuuziana, na tendo likishapita halibadiliki. Kama oda ingekuwa inachungulia tu bei ya leo, muuzaji akipandisha bei angekuwa amepandisha pia deni la mwaka jana, na hati ingesema uongo bila mtu yeyote kudanganya. Ndiyo maana fundi ana njia mbili: kuonyesha tu taarifa iliyomo kwenye jedwali jingine bila kuihifadhi upya, au kuinakili pale pale uchaguzi unapofanyika. Njia ya kwanza inafaa kwa hali ya kitu, ya pili inafaa kwa tukio.

Linabaki swali la nani anayasema yanayoandikwa. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, inaamuru deni la muda liandikwe na mwandishi mwadilifu, mbele ya mashahidi, na imla itolewe na mdaiwa mwenyewe. Asipoweza, msimamizi wake atoe imla kwa uadilifu. Maandishi yanafungwa kwenye kinywa cha yule atakayebeba wajibu. Nafasi iliyojijaza ni maandishi yasiyo na imla ya siku hiyo. Hayawi batili kwa hilo, maana mteja aliwahi kuyasema. Ila ni ushahidi wa siku ile aliyoyasema. Karani akimsomea mteja yaliyojitokeza na kusubiri aitikie, imla imerudi mahali pake. Pale mteja anaposema amehama, naye akajibiwa kwamba mfumo unasoma vingine, kumbukumbu imepewa heshima zaidi kuliko mtu inayemhusu, na hilo ni dhuluma hata likifanywa kwa adabu.

Fomu ya haki huacha nafasi hizo zisahihishike, na hapo huzuka uamuzi mmoja zaidi. Anwani mpya huenda ni makazi mapya ya mteja, au ni ya ndugu anayetumiwa mzigo mara hii tu. Ikiwa amehama, mstari wake katika jedwali la wateja urekebishwe, na oda za zamani zibaki na anwani zake za zamani, kwa kuwa mizigo ile ilikwenda huko kweli. Ikiwa ni mzigo wa ndugu, ibadilishwe oda hii peke yake. Ufunguo haujui tofauti hiyo. Ni mteja wa kuulizwa.