Sarakasi: Je, Ni Kumjaribu Mungu?



Mama mmoja wa mtaa wetu alimfuata Padre baada ya Misa, akaomba kijana wake aombewe. Haikuwa homa wala mtihani. Kijana, mwenye umri wa miaka 19, alikuwa amepata nafasi ya kwenda kujifunza sarakasi, na nia yake ni kuifanya kuwa kazi ya maisha. Jambo likafika kwenye Halmashauri ya Mtaa, na hapo tukagawanyika. Wengine walicheka. Mzee wetu mmoja hakucheka. Aliuliza swali ambalo limetukaa moyoni tangu siku ile: Je, Bwana wetu hakutakiwa kufanya jambo hilo hilo juu ya kinara cha Hekalu, akakataa?

Twakiri kwamba swali ni zito. Shetani alimtaka ajitupe chini, malaika wamdake. Mtu anayejirusha hewani mbele ya watu waliolipa kiingilio ana tofauti gani?

Yafaa kwanza tuondoe dhana kwamba kazi hii ni ya wavivu. Katika miaka ya 1960 Serikali ya Tanzania ilipeleka vijana Uchina wakajifunze sarakasi, na waliporudi kikaanzishwa kikundi cha taifa mwaka 1969. Baadaye ikafundishwa pia Bagamoyo, katika Chuo cha Sanaa kilichoanza mwaka 1981. Wachina huhesabu misingi minne: kiuno, miguu, kusimama kwa mikono, na kupiga kichwangomba. Mwanafunzi husimama kwa mikono, miguu ikiegemea ukuta, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka mabega yatetemeke, kwa miezi mingi, na hakuna wa kumpigia makofi. Mtume Paulo, aliyewaandikia Wakorintho juu ya wanamichezo na kujizuia kwao, nadhani angemwelewa kijana huyu upesi kuliko sisi wanahalmashauri, ambao Kwaresima hutushinda kabla ya juma la pili kwisha.

Tena, mwanafunzi hufundishwa mapema namna ya kuanguka: kukunja bega, kuviringika, kutotanguliza mkono ulionyooka, maana mkono huo ndio uvunjikao. Hapo twaanza kuona tofauti. Yule wa kinarani alishawishiwa aruke bila kujifunza, bila wavu, bila mwenzake chini, ili Mungu alazimike. Mwanasarakasi mwema hamlazimishi Mungu. Anajua uzito wake, anajua urefu wa kuruka, na anajua jina la mtu atakayemdaka.

Wengi wenu mmewaona vijana wetu wakijenga mnara wa watu, kwenye sikukuu za taifa au kwenye hoteli za pwani. Sisi sote humtazama mtoto mwepesi aliye juu kabisa, aliyenyosha mikono. Jaribuni siku moja kumtazama mtu wa chini. Amebeba watu watatu au wanne, shingo imekakamaa, macho mbele, wala hawezi kuinua uso aone kinachotendeka juu yake. Uhai wa wale wote umo katika magoti yake. Kwa hiyo ana wajibu mmoja mgumu kuliko kubeba: kusema mapema kwamba amechoka. Asiposema kwa kuona haya, au kwa kuwa bwana mwenye onyesho ameuza tikiti, basi wote wamepanda juu ya uongo.

Mfano wake ulionekana Marekani, mjini Detroit, Januari 1962. Jamaa ya Wallenda walikuwa mashuhuri kwa kutembea juu ya waya mrefu watu saba kwa pamoja: wanne chini, wawili mabegani mwao, na mmoja juu kabisa kwenye kiti. Hawakutandika wavu. Siku ile kijana aliyekuwa mbele katika safu ya chini aliishiwa nguvu. Inasimuliwa kwamba alipaza sauti kuwa hawezi tena, lakini juu ya waya sauti hiyo ilikuwa imechelewa. Wawili walikufa, na mmoja akapooza. Karl Wallenda mwenyewe, mkuu wa jamaa, aliendelea na kazi, akaanguka kutoka kwenye waya akafa huko Puerto Rico mwaka 1978, akiwa na miaka 73.

Hatusemi haya ili kuwahukumu marehemu. Twauliza tu: wavu ungewapunguzia nini? Ustadi wao ungebaki ule ule, na miguu ingekanyaga waya ule ule. Kilichokuwa kimepungua ni hofu yetu sisi watazamaji, na hofu hiyo ndiyo tuliyoilipia. Basi huenda anayemjaribu Mungu hayuko juu ya waya peke yake. Wengine wameketi kwenye viti, wameshika tikiti. Waingereza waliliona hilo kwa kadiri fulani. Mwaka 1877 mjini London msichana aliyeitwa Zazel alirushwa kutoka ndani ya mzinga, na watu wakafurika kutazama. Miaka miwili baadaye Bunge lao likatunga sheria ya kukataza watoto wa chini ya miaka 14 kutiwa katika maonyesho ya hatari.

Tulimwita kijana wetu mbele ya Halmashauri. Hatukumuuliza juu ya mshahara, ingawa mama yake alitamani tuulize. Tulimuuliza mwalimu wake hufanya nini mwanafunzi akisema amechoka. Alijibu kwamba mwalimu humtoa, humwingiza mwingine, na zoezi huanza upya kutoka chini. Akafikiri kidogo, akaongeza kwamba wenzake humcheka mpaka jioni.

Aliombewa Jumapili iliyofuata, pamoja na wagonjwa na wasafiri. Mpaka atakapoondoka ameruhusiwa kufanya mazoezi kwenye ukumbi wa mtaa kila Jumamosi, isipokuwa siku za arusi, ijapokuwa sakafu ni ya saruji tupu. Yule mzee bado hajakubaliana nasi, na amesema wazi kwamba neno lake lile la kinara hatujalijibu lote. Lakini Ijumaa jioni mjukuu wake alifika ukumbini na mkokoteni, amebeba magodoro mawili ya sufi.