Sura Iliyorembwa na Makovu ya Bwana



Siku hizi mtu akipiga picha kwa simu yake, aweza kuigeuza mara moja ionekane kana kwamba imechorwa na fundi kwa brashi na rangi. Wako waulizao kama jambo hilo ni halali kwa Mkristo. Basi na tuitazame kwanza kazi yenyewe, ndipo tutafute mafundisho yake.

Mwaka 2015 wataalamu watatu wa mji wa Tübingen katika Ujerumani, ndio Leon Gatys, Alexander Ecker na Matthias Bethge, walionyesha njia mpya ya kuifanya kazi hiyo. Walitwaa picha ya nyumba za mji wao zilizo kando ya mto Neckar, wakaitia katika kompyuta pamoja na mchoro wa usiku wenye nyota, ambao Vincent van Gogh aliuchora mwaka 1889 huko Saint-Rémy, Ufaransa. Katika picha kompyuta ilishika maumbo ya vitu. Katika mchoro ilishika namna ya rangi na mistari. Kisha ikatengeneza picha mpya kidogo kidogo, hata ikazifuata zote mbili. Nyumba zilikuwa zile zile, lakini zilivikwa rangi za Van Gogh.

Kazi hiyo ni ya akili, na akili ni kipawa cha Mungu, hatuilaumu. Walakini tuangalie neno moja. Van Gogh aliuchora mchoro ule akiwa mgonjwa, akikaa katika nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili. Kompyuta iliipata mistari ya mkono wake. Huzuni yake haikuipata.

Tuseme mjane mmoja ampa kijana picha ya marehemu mumewe, aitengeneze ipate kutundikwa ukutani. Kijana airemba kama mchoro: ngozi yawa laini, rangi zang'aa, na kovu la shavuni latoweka. Mjane aitazama, asema, "Mwanangu, ni nzuri, lakini si yeye. Kovu lile alilipata siku alipomtoa mtoto wetu motoni." Kijana hakukusudia ubaya, lakini alichokifuta kama kasoro, kwa mama yule kilikuwa ushuhuda wa upendo.

Ndugu, Bwana wetu alipofufuka, makovu yake hayakufutwa. Tomaso alionyeshwa mikono na ubavu, naye akamkiri (Yohana 20). Na sisi je? Mara nyingi twaja kanisani na sura iliyorembwa. Ugomvi wa nyumbani twauficha chini ya wimbo mzuri. Deni la jirani twalifunika kwa sala ndefu. Wenzetu waweza kudanganyika, Mungu hadanganyiki.

Basi, mkipenda, pambeni picha zenu, lakini msimdanganye mtu kwazo: semeni wazi kwamba zimegeuzwa, na ile ya asili itunzwe. Nanyi walimu wa sharika, wafundisheni vijana hivyo. Bali tukiikaribia meza ya Bwana, tusirembe kitu. Tumletee sura yetu kama ilivyo, pamoja na madoa yake. Yeye haipaki dhambi rangi, huiondoa. Kisha hutugeuza tufanane naye, si kwa dakika moja kama ifanyavyo simu, bali siku kwa siku, hata tutakapomwona uso kwa uso. Amina.