Nasaba ya Baba na Fungu la Mama

Ni ada yetu watu wa pwani, posa iletwapo nyumbani, swali la kwanza si la tabia ya kijana wala la kazi yake, bali ni hili: "Huyu ni wa mlango gani?" Hapo mababu huhesabiwa mmoja baada ya mwengine hata kufika Hadhramaut au Shirazi, na kijana akikosa babu wa kuhesabika, posa hurudishwa. Sisi hatusemi kwamba kuijua nasaba ni kosa, kwani mirathi na mambo ya maharimu hayatengenei bila ya hiyo. Tuulizalo ni hili: je, hesabu ya mababa peke yake yatosha kutwambia mtu ni nani?

Hebu na tuyatazame maumbile yenyewe. Katika karibu kila chembe ya mwili wa binadamu mna nyuzi nyembamba ziitwazo kromosomu, nazo ni 46: 23 za baba na 23 za mama. Humo ndimo vilimo vinasaba, maandishi ya herufi nne tu, yenye umbo la ngazi iliyosokotwa, umbo lililofumbuliwa mwaka 1953. Kila mzazi humpa mtoto nusu ya alichonacho, wala hachagui nusu ipi. Ndiyo sababu ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja hutoka maji ya kunde na mwengine mweusi, na majirani wakanong'ona bure na kumvunjia mama wa watu heshima yake.

Sasa na tupige hesabu. Babu wa kizazi cha kumi ni mmoja tu katika nafasi 1,024. Fungu lake ndani yetu, kwa wastani, halifiki moja katika elfu, na yamkini lisiwepo kabisa. Kweli, iko kromosomu moja, ya Y, ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume karibu vile vile ilivyo. Wenye kujivunia mababa wana haki ya kuitaja. Lakini viko na vinasaba vingine ambavyo havipiti ila kwa mama, naye humpa kila mtoto, wa kiume na wa kike. Hivyo hatuvitaji.

Mwaka 1960 na kitu wazee wetu wangebishana juu ya haya bila ya ushahidi. Mwaka 2023 wataalamu walieneza matokeo ya kuchunguza mabaki ya watu 80 waliozikwa baina ya mwaka 1250 na 1800, wakiwamo wa Manda, Faza, Mtwapa na Kilwa. Wengi wa watu wa miji ya pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya vinasaba vyao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa mama. Na upande wa baba, wengi walitoka Asia, khasa Uajemi, na mchanganyiko huo ulikwisha anza kiasi cha mwaka 1000. Basi waliojiita Washirazi hawakusema uongo; walisimulia nusu ya habari.

Tumepata kuhudhuria kikao ambacho kijana mmoja, mwalimu mwenye adabu, alirudishwa kwa kuwa mamake ni Mgiriama. Tukamwuliza mzee aliyemrudisha: mama wa babu yako alikuwa nani? Alinyamaza kitambo, kisha akasema hakupata kumwuliza mtu.