Simu Kubwa na Simu Ndogo

Mtu mwenye simu kubwa ya kioo akienda Garsen akaiuza, akanunua kabambe ya vitufe, je, amepanda au ameshuka? Wengi watasema ameshuka. Watadhani ameishiwa, na wenye huruma watamwonea huruma. Yeye mwenyewe aweza kusema kuwa amepanda, kwa kuwa ameachana na kitu kilichokuwa kikimtawala. Swali hili, msomaji, si la wauza simu peke yao. Lahusu kipimo tunachotumia kuamua kwamba maisha ya mtu yamesonga mbele, na kwa hiyo lastahili kufikiriwa bila haraka.

Kwanza ijulikane kuwa ukubwa wa simu haukuwa sifa siku zote. Simu ya mkononi ambayo kampuni ya Motorola iliitoa mwaka 1983 ilikuwa na uzito wa karibu gramu 800, ikishikwa kama tofali. Tangu hapo mafundi walishindana kuipunguza, na mwaka 1996 kampuni hiyo hiyo ilitoa simu ya kukunja isiyofika gramu 100. Wakati ule mwenye simu ndogo ndiye aliyetazamwa kwa wivu. Mwaka 2007 iPhone ilipotoka Marekani, kioo kilichukua mahali pa vitufe, na simu zikaanza kukua tena. Heshima iwezayo kuhama hivi kutoka kwa dogo hadi kwa kubwa, ndani ya umri wa mtu mmoja, haifai kuwa mizani ya utu wake.

Mwaka huo huo wa 2007, mwezi wa Machi, Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya. Haikungoja kioo. Ilianza katika simu za vitufe, na hata leo mwenye kabambe hutuma na kupokea fedha sawasawa na mwenye simu ya bei kubwa.

Sasa tuutazame Mto Tana wenyewe, kwa maana huko ndiko simu ndogo inakotetewa vizuri zaidi. Mto huu, mrefu kuliko yote ya Kenya, husafiri karibu kilomita 1,000 kutoka nyanda za juu, hupita Garsen, kisha humwagika katika Bahari ya Hindi. Ukifurika, kama ulivyofurika mwaka 2018, na tena mwishoni mwa 2023 na katika 2024, mashamba huzama, barabara hukatika, na watu huhamia penye mwinuko na kile walichoweza kubeba. Penye mwinuko huo hapana umeme. Simu kubwa huzima kabla ya usiku wa pili. Kabambe huweza kukaa siku kadhaa bila kuchajiwa, nayo ina tochi. Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ilikuwa na tochi, na Wakenya waliziita simu za namna hiyo mulika mwizi. Mama anayevusha watoto majini gizani haulizi kama simu yake yapiga picha. Mchungaji wa Kiorma afuataye malisho mbali na mji naye anataka neno moja tu: maji yako wapi?

Ipo na faida ya wakati. Mtu huifungua simu kubwa ili atazame saa, akaiweka chini baada ya muda mrefu, na bado hajui ni saa ngapi. Kabambe humwambia saa, kisha hunyamaza.

Walakini tusiipambe simu ndogo kupita kiasi. Kijana amalizapo kidato cha nne, maombi ya nafasi ya chuo kikuu hupitia tovuti ya KUCCPS. Mwenye kabambe itampasa kulipa nauli kutoka kijijini hadi Garsen, kisha alipie tena dukani penye kompyuta. Mkulima wa maembe hawezi kumtumia mnunuzi wa Malindi picha ya mazao yake. Na hapa pana jambo ambalo wasifiao simu ndogo hulisahau. Aliyeuza simu yake kubwa huonekana mlangoni kwa jirani: "Dada, niazime simu yako dakika mbili tu." Kesho huja tena. Haja yake haikupungua. Ameihamishia kwenye bando la mwenziwe, na siri zake ameziacha katika chombo kisicho chake.

Wapo pia wasemao kuwa simu kubwa ndiyo iletayo uvumi na fitina. Watu wa Tana wayajua mengine. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano ya Wapokomo na Waorma katika eneo la delta yaliua zaidi ya watu 100. Ugomvi ulikuwa wa ardhi, maji, malisho na siasa, nao uvumi uliuchochea; na uvumi haukuhitaji kioo, kwa kuwa mdomo na simu ya kawaida vyatosha kuubeba. Baadaye shirika la Canada liitwalo Sentinel Project lilianzisha huko mradi ulioitwa Una Hakika. Mwanakijiji aliyesikia habari ya kutisha alipiga simu au alituma ujumbe mfupi, habari ikachunguzwa kwa msaada wa watu wa kujitolea vijijini, kisha akarudishiwa jibu. Herufi 160 za ujumbe mfupi, ambazo zaweza kubeba uongo, zikabeba swali. Chombo kilikuwa kile kile.

Tena tusimsifu mtu kwa kukosa. Mwenye chakula akiacha kula, husemwa amefunga; asiye nacho ana njaa tu. Kijana ambaye wazazi wake waliweza kununua kabambe na si zaidi hajajinyima kitu, na kumwambia kuwa umaskini wake ni hekima ni kumdhihaki. Aliye nazo zote mbili ndiye awezaye kuchagua, na kwake huyo ndiko swali letu linakoelekea.

Kwa maoni yangu, nyumba nyingi za Garsen zingefaulu kwa njia ambayo mababu waliizoea kwa redio: kimoja kwa wote. Simu kubwa ikae mezani kwa maombi ya chuo, picha za maembe na barua za serikali, na kila mmoja atoke na kabambe yake mfukoni. Hapo itabaki kuamua nani ashike neno la siri, na hilo, kwa jinsi ninavyowajua kaka na dada wa nyumba moja, halitakwisha jioni moja.