Matope ya Kusudi

Kuna watu wazima, wenye akili na kazi zao, ambao jioni hukaa mezani wakipaka matope kifaru kidogo kisichopata kwenda vitani. Tusiwacheke upesi. Kazi yao yatuuliza swali: kuchafua kitu kipya ili kionekane kimetoka vitani, je, ni kusema kweli au ni kudanganya?

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Kifaru ni cha plastiki, kimepunguzwa mara 35, kipimo kilichoenezwa na Wajapani wa Tamiya tangu miaka ya 1960. Kifaru Sherman cha Waamerika, chenye urefu wa karibu meta 6, huwa sentimeta 17 tu. Akiisha kukiunganisha, fundi hupaka rangi ya kutu, hupuliza juu yake dawa ile ya kushika nywele, kisha hupaka rangi ya kijeshi. Ikikauka, huilowesha kwa maji na kuisugua kwa brashi. Rangi ya juu hubambuka, kutu ikatokea. Halafu hutia rangi ya mafuta iliyozimuliwa sana, iingie katika mifereji yote. Mwisho ni unga wa vumbi kwenye minyororo. Mbelgiji François Verlinden alisifiwa sana kwa ufundi wa namna hii, na wengi walimfuata.

Pengine mtasema: huu ni uongo mtupu. Sisi hatukubali. Kifaru safi king'aacho ndicho kidanganyacho zaidi, maana humwambia mtoto kwamba vita ni gwaride.

Lakini kuna uchafu na uchafu. Fundi mvivu hutapanya kutu kila mahali kwa sababu yapendeza macho. Fundi wa kweli hujiuliza kila doa limetoka wapi. Katika vita vya 1939 hadi 1945 vifaru vingi viliteketea kabla ya kupata muda wa kuoza. Basi rangi ilichubuka wapi? Karibu na vifuniko vya juu, mahali watu walipokanyaga kwa viatu wakipanda na kushuka. Ndani ya Sherman walikaa watu 5: dereva na msaidizi wake mbele, wengine watatu kwenye mzinga. Anayeweka mikwaruzo mahali pake anaandika njia ya miguu yao, hata kama hajui.

Na hapo ndipo penye ugumu. Mtu aweza kushinda juma zima akitengeneza tundu la kombora, akafurahi kwamba kingo zake zimepinda vizuri, wala asiwaze hata mara moja ni nani aliyekaa nyuma ya tundu lile. Mkono umeamka, moyo umelala. Huko Bastogne, Ubelgiji, walikopigana Desemba 1944 na Januari 1945, Sherman halisi kimesimama uwanjani mjini, na tundu lake laonekana hadi leo. Chuma kile hakikupakwa jeraha na mtu apendaye mapambo.

Hatumkatazi fundi kazi yake. Twamwomba tu, kabla ya kutoboa tundu, ahesabu viti vya ndani. Atalazimika kuvihesabu kwa kichwa, kwa maana vifaru vingi vya sandukuni huuzwa vikiwa gamba tupu, bila kiti hata kimoja.