Musa wa Nzuwani: Hadithi au Uongo?

Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa mapema istilahi za hadithi: msuko, wahusika, mandhari, msimulizi, taharuki. Istilahi hizo hueleza namna hadithi ilivyojengwa. Je, zaweza pia kuitenga hadithi na uongo? Kisa cha Musa, mtu wa Nzuwani, chatia shaka.

Machi 1866 David Livingstone alifika kwenye mlango wa mto Ruvuma. Mikoko ilimzuia kushusha wanyama wake, ngamia na nyati wakiwemo, akarejea kaskazini hadi ghuba ya Mikindani, na kutoka huko akaingia bara. Musa na wenziwe wa Nzuwani walikuwamo msafarani. Miezi michache baadaye, upande wa Ziwa Nyasa, walisikia kwamba njia ya mbele imeshikwa na Wangoni, walioitwa Mazitu wakati ule. Wakamwacha bwana wao, na Disemba wakafika Unguja wakisema ameuawa.

Usimulizi wa Musa haukupungukiwa na kitu. Mandhari ni nchi ya magharibi ya ziwa, mbali na macho ya wasikilizaji. Kilele ni pigo la shoka shingoni, kutoka nyuma. Msimulizi ni wa nafsi ya kwanza: alijificha, akaona, kisha akarudi jioni kumzika marehemu. Hapo penye maziko ndipo fundi alipojidhihirisha, kwani kifo kisicho na kaburi kingezusha maswali. Habari ikaaminiwa, ikavuka bahari hadi Uingereza. Mwaka 1867 ilibidi E. D. Young aongoze msafara wa kutafuta ukweli, naye akapata ushahidi kwamba Livingstone alikwisha kupita akiwa hai. Alifariki mwaka 1873.

Kwa kipimo cha msuko, basi, Musa alitunga hadithi. Kilichokosekana hakimo ndani ya masimulizi yenyewe. Mtambaji wa pwani hasemi lolote kabla ya kutoa "Paukwa!" na kungoja "Pakawa!" Kwa jibu hilo hadhira humpa fanani ruhusa ya kusema yasiyokuwa. Waliomsikiliza Musa hawakuombwa ruhusa. Waliletewa ushuhuda, na kwa ushuhuda huo watu wakaomboleza. Hadhira, istilahi ambayo vitabu vingi huitaja kwa kupita tu, ndiyo inayobeba hukumu.

Hata hivyo, hukumu isiharakishwe. Kisa hiki kimehifadhiwa na kalamu za waliomwita Musa mtoro. Mhusika, kwa maana ya neno lenyewe, ni mtu ambaye jambo linamgusa, na njia ile ilimgusa Musa kama ilivyomgusa bwana wake. Wangoni hawakuwa wa kubuni. Hofu ilikuwa ya kweli. Maiti ndiyo iliyokuwa ya uongo. Mwandishi wa leo akimpa Musa nafsi ya kwanza, aseme yaleyale, na jalada likaandikwa "riwaya", hakuna atakayedanganyika. Na huenda msomaji akatambua kwamba aliyezikwa jioni ile ni Musa mwenyewe, kama alivyoogopa kuzikwa.