Je, hadithi ni uongo?



Hapa kambini, wengi wetu tukimkuta kijana na kitabu cha hadithi tunamwambia: "Acha uongo huo, soma Biblia." Hofu yetu ina sababu, maana si kila kitabu kinajenga. Lakini je, habari ambayo haikutokea ni uongo?

Tumkumbuke nabii Nathani (2 Samweli 12). Daudi alikuwa amemwua Uria na kumchukua mkewe. Nathani hakuanza kwa kumshitaki. Alimsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi alimkasirikia sana tajiri yule, ndipo akaambiwa kuwa mtu huyo ni yeye. Uongo huficha dhambi. Hadithi ile iliifunua.

Shaaban Robert aliandika "Adili na Nduguze" (1952), kisa cha mtu aliyetendewa uovu na ndugu zake wa damu kwa sababu ya wivu. Kijana aliyefukuzwa kwao na watu aliowajua, akikisoma kisa hicho, hukutana na swali analoogopa kutuuliza sisi: nitamtazamaje aliyenikosea, siku tutakapokutana tena kijijini?

Basi, wazazi, tusiwanyang'anye vitabu. Jioni tuketi nao, tuwaulize: umesoma nini, na wewe ungefanyaje? Kisha tunyamaze, tuwasikilize. Huenda jibu lao likatuhukumu na sisi, kama Daudi.

Mungu awabariki.